Hii Maji Iko Safi Sana

Abner Makori hakuwa na ng'ombe. Hakuwa na jino la mbele la juu, upande wa kushoto. Hakuwa na majani ya chai, kwa sababu shamba la baba yake lilipogawanywa yeye alipewa mteremko wa mawe, na kaka zake wakamwambia kwa kicheko kwamba kalamu haihitaji udongo. Hakuwa na picha ya darasa lolote, maana waliosoma jioni baada ya kazi hawakupigwa picha. Hakuwa na mke. Aliyekuwa naye alirudi kwao Nyamache akisema amechoka kusahihishwa. Hakuwa na mtu aliyewahi kumkosea akabaki salama. Na asubuhi hiyo ya Jumapili, alipofungua pazia la sebuleni na kuinama mbele ya kioo cha tangi, hakuwa tena na samaki wa saba.

Samaki huyo alielea ubavu juu, mkia wake wa rangi ya chungwa umekunjamana kama kitambaa kilichosahauliwa ndani ya beseni. Wenzake sita walikuwa wamejipanga karibu na uso wa maji, vinywa wazi, wakimeza hewa kama watu waliopanda mlima wa Keumbu na mizigo kichwani. Maji yenyewe yalikuwa maangavu kabisa. Ungeweza kusoma gazeti kupitia tangi zima. Abner aliwahi kujaribu. Alisoma kichwa cha habari na aya mbili.

"Wa tano kufa," alisema.

Alimtoa kwa kijiko, akamfunga katika karatasi, akaandika tarehe juu yake. Kisha akatazama nje ya dirisha, ng'ambo ya ua, kwenye nyumba ndogo ya vyumba viwili aliyompangisha Dancun Osewe, fundi wa maabara wa shule ya sekondari iliyo juu ya barabara. Mlango wa nyumba ile ulikuwa wazi. Mtu alikuwa akipiga mluzi.

Tangi lilikuwa la binti yake, Sheila, muuguzi, ambaye mwezi wa nane alihamishiwa Lodwar. Halikuwa kubwa, lilitosha juu ya meza ya mwanafunzi. Ndani yake mlikuwa na mchanga mweusi, jiwe moja laini la Tabaka, mimea ya majini ya aina nne na kichujio kidogo chenye sifongo kilichonguruma taratibu mchana kutwa. Samaki walikuwa kumi na mmoja. "Tata, usiwahangaikie sana," Sheila alimwambia. "Wape chakula kidogo, ubadilishe maji kidogo. Desemba nikirudi nataka niwakute wote."

Mwezi wa kwanza hapakuwa na shida. Mimea ilinenepa, kioo kikaanza kushika ukungu wa kijani, mchanga ukaweka utando. Halafu Mzee Joash wa kanisani akaja kunywa chai, akalitazama tangi, akasema, "Karani, naona umeanza kufuga kuvu." Abner hakucheka. Ijumaa iliyofuata, siku ya maandalio, siku ambayo kila Mwadventista wa bonde lile hufagia, hufua, hupika na kupiga pasi kabla jua halijatua, alilijumuisha tangi katika kazi zake. Aliwahamishia samaki kwenye ndoo. Akamwaga maji yote. Akauchemsha mchanga. Akasugua jiwe na kioo kwa brashi, akaosha kila jani la mmea kama anayeosha mtoto masikio, akakifua kile kisifongo mpaka kikawa cheupe. Akajaza maji mapya. Na kwa kuwa Sabato haikuwa siku ya kazi, hata kazi ya kulisha, aliwapa samaki sehemu maradufu jioni ileile, kama wana wa Israeli walivyookota mana ya siku mbili. Kisha akakaa akalitazama tangi lake, akaona kwamba ni jema.

Wiki ileile, Dancun Osewe na mkewe Emmah wakahamia ile nyumba ndogo.

Walitoka upande wa ziwani. Kwa hiyo uani palizungumzwa Kiswahili, kwa sababu Abner hakujua Kijaluo na wao hawakujua Ekegusii. Hapo Abner alijiona yuko nyumbani kuliko wageni wake. Kiswahili alikisoma akiwa na miaka thelathini na minane, katika darasa la watu wazima, juu ya madawati yaliyotengenezwa kwa magoti ya watoto. Alipata cheti cha kidato cha nne akiwa na arobaini na mitatu, akapanda kutoka tarishi hadi karani wa mahakama. Sarufi hakuirithi kwa mtu. Aliinunua kwa macho yake. Mtu aliyeivunja mbele yake alikuwa kama mtu anayetupa mkate.

Ijumaa ya pili Osewe alimkuta barazani akisugua lile jiwe. Akasimama, mikono mfukoni, akatazama ndoo, brashi na mchanga uliokuwa ukitoa mvuke.

"Mzee," akasema, "hii maji iko safi sana. Itaua hawa samaki."

"Maji haya ni safi sana," Abner alisema bila kuinua kichwa. "Yatawaua samaki hawa."

"Sawa, mzee. Ni hivyo hivyo."

"Si hivyo hivyo. Kuna sahihi na kuna kosa."

Osewe akacheka. "Kwetu samaki tunaangalia wakiwa kwa sahani. Hawa wako hata mfupa hawana ya kutosha kuchokoa jino."

Akaenda zake. Abner akabaki na jiwe mkononi na pengo la jino kinywani, akijiuliza kama mzaha ule wa jino ulikuwa wa bahati mbaya.

Ijumaa ileile samaki mmoja mweusi alilala upande ndani ya ndoo, na Abner, kwa hasira, akammwaga pamoja na maji machafu kwenye pipa ambamo Emmah alikuwa ameomba awekewe maji ya kumwagilia mboga zake. Jumapili alipoamka mwingine alikuwa amekufa. Wiki iliyotangulia walikuwa wamekufa wawili. Sasa huyu. Hawa wengine wote waliondoka Sabato ikipita, siku ambayo yeye alishinda kanisani tangu asubuhi hadi jioni na ua ukabaki mikononi mwa mtu mmoja.

Baada ya wa nne alikuwa amempigia Sheila simu. Hakusema ni wangapi. Aliuliza tu, kama anayetaka kujiongezea elimu, ni kitu gani kinachoweza kuua samaki bila kubadilisha rangi ya maji.

"Amonia," Sheila alisema. "Ni mbaya sana, Tata. Nikutumie chupa za kupimia?"

Chupa zilikuja kwa mizigo ya basi, pamoja na kikaratasi chenye rangi za kulinganishia. Matone manane ya chupa ya kwanza, manane ya pili, tikisa, subiri dakika tano. Njano ni salama. Kijani ni sumu. Abner alipima maji ya Jumapili ileile ya samaki wa tano. Kichupa kiligeuka kijani kibichi.

Alikaa kitini polepole. Alikuwa mjumbe wa bodi ya shule. Mwaka uliopita walikagua maabara, na yeye ndiye aliyesoma kwa sauti orodha ya dawa zilizokuwa rafuni, akimsahihisha karani wa shule matamshi. Amonia, chupa mbili. Ufunguo wa rafu ile alikuwa nao mtu mmoja.

Kuna watu ambao hasira huwachemsha. Abner ilimtuliza. Alitandaza gazeti mezani, akapanga kalamu zake tatu: nyeusi ya rasimu, ya buluu ya nakala safi, nyekundu ya kujisahihisha mwenyewe. Barua zake zilikuwa zimekwisha kuwaondoa watu watatu: karani wa soko aliyemwita mzee wa ngumbaru mbele ya wachuuzi, mwalimu wa kwaya aliyemruka katika orodha ya wasomaji, na askari wa lango aliyemwuliza kama anajua kusoma kibao. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyetukanwa. Walisomewa tu, na kila mmoja alipokuwa akikusanya vitu vyake Abner alipita karibu, fimbo mkononi, akamwamkia kwa adabu.

Aliandika siku mbili. Akaeleza tarehe, idadi ya samaki, rangi ya kichupa. Katika aya ya nne akaandika: *Mnamo Ijumaa iliyotajwa, mlalamikiwa alitamka mbele yangu, kwa kinywa chake, kwamba: "Yatawaua samaki hawa."* Ile sentensi iliyotangulia, ya usafi wa maji, hakuiandika. Haikuwa ushahidi wa kitu chochote. Ilikuwa sifa, na tena ya mnafiki. Akaomba bodi ichunguze jinsi dawa za serikali zinavyotoka maabara, na ifikirie kama mtu wa namna hiyo anafaa kukaa karibu na watoto wa watu.

Akasoma mara tatu. Hapakuwa na kosa hata moja.

* * *

Jumatano alasiri Osewe alipiga hodi. Hakuwa akipiga mluzi.

"Karibu, Bwana Dancun. Keti."

Osewe alikaa ukingoni mwa benchi. "Mzee, nimerudishwa nyumbani. Mpaka Alhamisi ya wiki ijayo. Mwalimu Mkuu amesema kuna barua imeletwa kwa bodi. Eti mimi natoa dawa kwa maabara naenda kuua nayo vitu za watu."

"Vitu vya watu."

"Vitu vya watu. Hata hakuniambia ni vitu gani. Hakuniambia ni nani ameandika."

"Sheria hairuhusu," Abner alisema. "Jina la mlalamikaji husomwa kikaoni."

"Najua. Lakini wewe uko kwa bodi." Osewe alikuwa akikunja na kukunjua kofia yake. "Sikuulizi jina. Niambie tu huyo mtu nilimkosea nini, niende niombe msamaha kabla ya Alhamisi. Mkataba yangu inaisha mwezi wa kumi na mbili. Wakiandika kitu mbaya kwa faili, hakuna shule itanichukua. Na Emmah unamwona vile yuko."

Emmah alionekana ng'ambo, ameinama kwa shida juu ya vitalu vyake vya chinsaga, mkono mmoja mgongoni. Yeye aliita mboga hiyo *dek*, na siku za kwanza yeye na Abner walibishana kwa utani kuhusu jina lipi ni la kweli.

Abner aliuacha ukimya ukae. Ulikuwa mtamu. Ulikuwa na ladha ya miwa ya kwanza ya msimu, ambayo hutaki kuimeza upesi. Mtu aliyekuwa akicheka mbele ya ndoo yake sasa alikuwa ameketi ukingoni mwa benchi yake, na hakujua anamwomba nani.

"Alhamisi haiko mbali," Abner alisema. "Mtu asiye na hatia hulala."

"Mimi silali, mzee."

"Basi," Abner alisema, akasimama, ishara ya kwamba mazungumzo yamekwisha.

Hata hivyo barua aliiona haina kilele. Karani wa mahakama anajua tofauti ya mtu anayedhaniwa na mtu aliyeonekana. Alitaka kumwona. Ijumaa alisafisha tangi kuliko wakati wowote, akatoa sehemu maradufu ya chakula, akapima maji: njano, njano kama kiini cha yai. Sabato asubuhi akavaa suti, akabeba Biblia na kitabu cha nyimbo, akaufunga mlango kwa kishindo ili usikike, akapanda hadi barabarani. Hapo akageuka. Aliteremka upande wa pili, katikati ya migomba, akaingia nyumbani kwake kwa mlango wa nyuma kama mwizi. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa jina lake lingeitwa katika shule ya Sabato pasiwe na wa kuitika. Aliketi nyuma ya pazia, simu mkononi, tayari kupiga picha.

Osewe alikuwa akifua. Alifua magauni mapana ya mkewe, akayakamua, akayaanika. Emmah alikuwa kivulini akichambua maharagwe, akamwambia jambo, wote wawili wakacheka kidogo halafu wakaacha, kama waliokumbuka. Saa tano na nusu upepo ulivuma. Osewe akaweka chini beseni, akaanza kuja moja kwa moja kuelekea barazani kwa Abner.

Abner akainua simu. *Njoo*, alimwambia moyoni. *Njoo, mwanangu, njoo.*

Osewe aliinama kwenye ngazi. Akaokota shati jeupe la Abner lililokuwa limeangushwa na upepo, akalikung'uta mavumbi, akaligeuza huku na huku, akalirudisha kwenye kamba na kulibana kwa vibanio viwili badala ya kimoja. Kisha akarudi kwenye beseni lake.

Hakukaribia tena siku nzima.

Saa sita Abner alipima maji. Alijiambia kwamba kupima si kazi, kupima ni kusoma. Njano ilikuwa imechafuka kidogo, kama chai iliyoguswa na maziwa mabovu. Saa nane ilikuwa na ukijani. Saa kumi, samaki walipoanza kupanda juu na kufungua vinywa, kichupa kilikuwa na rangi ya jani changa la mgomba. Milango yote miwili ilikuwa imefungwa. Madirisha yalikuwa na vyuma. Ndani ya chumba walikuwamo samaki sita na mzee mmoja mwenye suti.

Alikichukua kile kikaratasi kilichokuja na chupa. Upande wa rangi alikuwa ameusoma na kuuhifadhi. Upande wa pili ulikuwa wa maandishi madogo ya Kiingereza, na alikuwa ameuruka kwa sababu alikwisha kuelewa. Sasa akachukua kamusi. Ilimchukua muda wa saa nzima, neno kwa neno, kidole kikifuata mstari kama zamani zile za madawati mafupi. Kikaratasi kilisema kwamba amonia hutoka kwa samaki wenyewe, katika kinyesi chao na katika chakula kinachooza. Kilisema kwamba ndani ya mchanga, juu ya majani, na hasa katika sifongo la kichujio, huishi vijidudu visivyoonekana ambavyo huila sumu hiyo siku zote. Kwamba tangi lenye afya ni tangi lenye vijidudu vingi. Kwamba mwenye tangi asichemshe, asisugue, asimwage yote, na asilishe kupita kiasi.

Abner alimtafutia mwandishi kosa. Alipata koma isiyo mahali pake katika mstari wa sita, akafarijika kwa muda mfupi.

Jumapili wa sita alikuwa amekufa. Hakumwandikia tarehe.

Lakini mtu hawezi kuachana na adui mzuri kwa ajili ya kikaratasi. Usiku kucha alikuwa amejiambia kwamba huenda Osewe alitia dawa Ijumaa, kabla mlango haujafungwa. Kwamba watu wa maabara wana njia zao. Jumatatu, Osewe alipokwenda mjini Kisii kutafuta mtu wa chama cha wafanyakazi, Abner alitia chupa za kupimia mfukoni, akavuka ua. Mwenye nyumba ana haki ya kukagua paa.

"Karibu, mzee," Emmah alisema kutoka jikoni. "Paa haivuji. Ingia tu."

Jikoni palikuwa na joto. Karibu na jiko, chini ya meza, palikuwa na beseni kubwa la plastiki, lile jekundu linalouzwa soko la Daraja Mbili, na ndani yake maji ya kijani mazito kama supu. Juu yake yalielea majani yaliyokatika, na katikati ya majani hayo kitu cheusi kikageuka, kikatikisa mkia, kikazama.

Abner alimtambua kabla hajainama. Damu ilimpanda mpaka masikioni, na ilikuwa damu ya furaha. Mwizi. Si muuaji tu, mwizi pia. Aya ya saba ilijiandika yenyewe kichwani mwake, na ilikuwa nzuri kuliko sita zilizotangulia.

"Huyu samaki," alisema kwa upole wa hatari, "amefikaje hapa?"

"Ai, mzee, umemwona." Emmah alijifuta mikono kwenye leso. Alionekana kufurahi, kama mtu aliyeshikwa akificha zawadi. "Huyo ni wako. Ile Ijumaa ulimwaga maji kwa pipa, nilienda kuchota ya kumwagilia nikamkuta amelala upande, lakini bado anapumua. Nikamwekea hiyo maji yake mbaya mbaya, na zile majani ulikuwa umetupa. Sikuosha kitu. Nampa makombo kidogo tu. Dancun alisema tusikuambie mpaka apate nguvu, ndiyo tukurudishie. Asije akafa tena, ukaumia mara mbili."

Abner alitoa chupa zake mfukoni. Alipiga goti moja, kwa shida, akachota maji ya beseni kwa kichupa. Matone manane. Matone manane. Akatikisa. Zile dakika tano hapakuwa na mlio jikoni ila wa maharagwe yakichemka. Emmah alimtazama kwa udadisi, mkono juu ya tumbo lake.

Maji yale, mabaya kwa macho, yaliyonuka tope, yalibaki njano.

"Ni nani," Abner aliuliza, na sauti yake ilitoka mahali pasipo na jino, "ni nani aliyekufundisha kutoosha?"

"Dancun. Baba yake alikuwa anaweka samaki ya chambo kwa mtungi. Alisema maji ikiwa safi sana inaua."

"Kwa nini hakuniambia mimi?"

"Alikuambia, mzee." Emmah hakusema kwa ubaya. "Alirudi hapa siku hiyo akicheka. Akasema, nimeambia mzee, lakini yeye amesahihisha tu Kiswahili."

* * *

Siku mbili hakutoka. Hakugusa brashi. Alikaa mbele ya tangi na samaki watano, akawapunguzia chakula, na kila alipoona utando mwembamba ukianza kushika juu ya jiwe, mikono yake iliwasha.

Angeweza kunyamaza. Alilifikiria hilo kwa makini, kama alivyofikiria mambo yote. Kikao kingekaa, bodi ingeona ushahidi hautoshi, au ingeona unatosha. Watu huhama, nyumba hupangishwa tena. Hakuna aliyejua kuhusu kikaratasi. Angebaki Karani, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumkosea akabaki salama.

Sentensi hiyo ndiyo iliyomkwamisha. Kwa maana alikwisha kumpata mkosaji, na hakuwahi, katika maisha yake yote, kumwachia mkosaji aende.

Jumatano alipanga kalamu zake. Hakuandika rasimu. Aliandika kwa wino mweusi, moja kwa moja, kwa ukatili uleule na mpangilio uleule: *KUH: MALALAMIKO DHIDI YA ABNER MAKORI, MJUMBE WA BODI.* Alieleza jinsi mlalamikiwa alivyowaua samaki watano kwa mikono yake mwenyewe, kila Ijumaa, kwa maji ya moto na brashi. Alieleza jinsi alivyosoma nusu ya karatasi na kushtaki kwa nusu hiyo. Alieleza kwamba alikaa barazani kwake, akamwangalia mtu asiye na hatia akiomba kujua kosa lake, na akaona utamu. Aliitafuta kila sababu ambayo mlalamikiwa angeweza kujitetea nayo, umri, upweke, elimu ya kuchelewa, akaifungia mlango mmoja baada ya mwingine. Kisha akaomba bodi imwondoe. Ilikuwa barua bora kuliko zote alizowahi kuandika, na alijua hivyo, na hata kujua kwenyewe akakuandika humo kama kosa.

Alipofika kwenye aya ya nne alisimama. Ilibidi anukuu maneno ya Dancun Osewe, safari hii yote. Kalamu ilikaa juu ya karatasi muda mrefu. Kalamu nyekundu ilikuwa palepale, karibu na kidole. Mwishowe akaandika: *Alisema: "Mzee, hii maji iko safi sana. Itaua hawa samaki."* Akaiacha hivyo. Hakuweka alama, hakuweka maelezo. Ilionekana ukurasani kama mtu aliyeingia kanisani bila viatu, na ilikuwa nukuu pekee ya kweli kati ya mbili alizoiandikia bodi.

Alhamisi asubuhi Osewe alikuwa uani, amevaa koti ambalo mabega yake yalikuwa ya mtu mwingine. Kikao kilikuwa saa nne. Abner alishuka ngazi akiwa na bahasha wazi mkononi. Mbele ya Osewe alilamba gundi yake, akaikunja, akaibana kwa kidole gumba kutoka kona hadi kona.

"Mimi sitahudhuria," alisema. "Mpelekee Mwalimu Mkuu hii."

Osewe aliitazama bahasha, hakuipokea. Alitazama ule mwandiko mrefu ulioinama, ile *M* yenye mkia.

"Huu mwandiko niliuona," alisema polepole. "Juu ya meza ya Mwalimu Mkuu. Wiki ile."

"Ndiyo."

Jogoo wa jirani aliwika. Emmah alikuwa mlangoni, na hakusogea.

"Na sasa unataka nibebe ingine mimi mwenyewe."

"Ndiyo." Abner aliendelea kunyoosha mkono. "Njia ni ndefu. Ukitaka kuifungua, uifungue."

Osewe alimtazama usoni kwa muda ambao hakuna mtu aliyewahi kumtazama hivyo pasipo kuandikiwa barua. Kisha akaichukua. Akaipima kiganjani, juu na chini, kama watu wanavyopima samaki sokoni.

"Hii barua iko nzito, mzee," alisema.

Kinywa cha Abner kilifunguka. Ulimi ulifika kwenye pengo la jino, ukakaa hapo.

"Iko nzito," alisema.

Osewe akaitia ndani ya koti lile la mabega mapana, akaanza kupanda kuelekea barabarani.